Nitrati kwenye maji taka ya kiwanda: tope hai, vipande vya plastiki, kitanda cha makumbi au salfa?

Nitrati haishikwi na chokaa wala shabu. Metali nyingi ukizitia chokaa hutulia chini ya tangi zikawa tope, lakini nitrati huyeyuka majini ikabaki imeyeyuka. Ndiyo maana meneja wa kiwanda cha Changamwe au Shimanzi, hapa Mombasa, aliyekwisha kutumia pesa nyingi kujenga matangi ya kutulizia hushangaa majibu ya maabara yakirudi na nitrati ile ile. Anabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuichuja kwa utando au resini, ambako nitrati haipotei ila hujikusanya kwenye maji machache yenye chumvi kali, na hayo nayo yatafutiwe pa kumwagwa. Ya pili ni kuwaachia bakteria waivunje mpaka iwe gesi ya nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta.

Makala haya ni ya aliyekwisha kuichagua njia ya pili, sasa amekwama kwenye mtambo.

Kwetu jambo hili halina mzaha. Maji ya viwanda vyetu huishia kwenye hori za Tudor, Port Reitz na Mtwapa, ambako mbolea ya nitrojeni hukuza mwani unaofunika nyasi bahari na matumbawe. Yasipofika baharini, huzama kwenye mwamba wa matumbawe wenye matundu, na mwamba huo huo ndio wenye visima ambavyo watu wengi huvitegemea wiki mabomba yanapokauka. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo: nitrati hugeuka nitriti mwilini, na damu yao ikashindwa kubeba oksijeni.

Bakteria wanahitaji nini

Kuna bakteria wengi, Paracoccus na Pseudomonas wakiwemo, ambao oksijeni ikiwepo huivuta, na ikikosekana huvuta nitrati badala yake. Kazi yao huenda kwa hatua: nitrati huwa nitriti, kisha oksidi ya nitriki, kisha oksidi ya nitrasi, mwisho nitrojeni tupu. Wanataka oksijeni iliyoyeyuka iwe chini ya takriban nusu miligramu kwa lita, pH (kipimo cha uasidi wa maji) iwe baina ya 7 na 8, na wapate chakula chenye kaboni. Joto wanalolipenda tunalo mwaka mzima, kusi na kaskazi, na hiyo ni faida ambayo viwanda vya Ulaya huilipia.

Wauzaji watakuja na pakiti za bakteria wa unga. Kwa maoni yangu, kiwanda kingi hakizihitaji. Tope kutoka mtambo unaofanya kazi lina bakteria hawa tele, na kama maji yako ni ya chumvi, tope la mikokoni lina waliokwisha kuzoea chumvi. Wao huja wenyewe. Pesa yako iwekeze kwenye chakula chao, muda watakaokaa na maji, na mtu wa kuwaangalia.

Vigezo vya kulinganisha

Kabla ya mtambo, soma vizuri karatasi ya maabara. Maabara moja huandika "nitrati", nyingine huandika "nitrojeni ya nitrati", na tofauti yake ni kubwa: miligramu 50 za nitrati ni sawa na miligramu 11.3 za nitrojeni. Ukichanganya hizi mbili utajenga tangi kubwa au dogo mara nne na zaidi. Kisha uliza kama nitrojeni yako ni nitrati kweli. Kiwanda kinachosafisha chuma kwa asidi ya nitriki, au ghala linalochanganya na kupakia mbolea zenye nitrati, hutoa nitrati moja kwa moja. Kiwanda cha samaki au machinjio hutoa protini na amonia. Hizo lazima kwanza ziwe nitrati mahali penye hewa, ndipo ziondolewe mahali pasipo na hewa.

Nitapima kila njia kwa mambo yale yale: chakula, nafasi, umeme na watu, chumvi na sumu, na kinachobaki. Ili tuwe na kitu cha kushika, tuchukue kiwanda cha mfano kinachotoa mita za ujazo 100 kwa siku, zenye miligramu 80 za nitrojeni ya nitrati kwa lita. Hiyo ni kilo 8 za nitrojeni kila siku.

Chakula nakitanguliza kwa sababu ndicho kinachokula pesa mwezi baada ya mwezi. Kwa hesabu ya kikemia kila kilo ya nitrojeni inadai chakula chenye COD (oksijeni inayohitajika kukiunguza chote kwa kemikali) ya kilo 2.86, lakini bakteria nao hukua, kwa hiyo kazini panga kilo 4 hadi 6. Kiwanda chetu cha mfano kinataka kama kilo 40 za COD kwa siku. Methanoli ndiyo iliyozoeleka zaidi duniani: kilo 3 hivi kwa kilo ya nitrojeni, yaani kilo 24, karibu lita 30 kwa siku. Huacha tope kidogo. Lakini mwali wake hauonekani mchana, na kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au kuua. Kenya tumeshazika watu wengi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Pipa lake likiwa kiwandani bila kufuli na daftari la kila lita, mimi nisingelala. Ethanoli ni salama zaidi kwa watu, bakteria huizoea upesi, ila bei yake ni kali. Molasi hupatikana na hubebeka kwa mtungi. Karibu nusu ya uzani wake ni sukari, kwa hiyo hesabu zaidi ya kilo 70 kwa siku, na ujue italeta rangi ya kahawia, tope jingi, na nitrojeni yake kidogo.

Chakula bora ni kile ambacho tayari unakimwaga. Maji ya kuoshea matangi ya juisi, soda au bia ya jirani yako yana sukari. Kwake ni mzigo, kwako ni dawa. Sijui kwa nini viwanda vinavyopakana haviketi mara nyingi zaidi kuzungumza juu ya jambo hili.

Kuna kikomo cha upande wa pili. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka COD ya miligramu 50 kwa lita kwa maji yanayomwagwa kwenye mazingira, na BOD (oksijeni ambayo bakteria huihitaji kuula uchafu wa majini) ya 30. Opereta akimimina chakula kupita kiasi atamaliza nitrati na kuvunja kikomo cha COD siku hiyo hiyo. Kwa hiyo njia yoyote inayolishwa kwa pampu inahitaji tangi dogo la hewa mwishoni la kumalizia mabaki ya chakula, na ile inayoachia chakula chake yenyewe isimamiwe kwa karibu mwanzoni.

Tope hai lenye tangi lisilo na hewa

Hapa bakteria huelea majini wakiwa tope, hufanya kazi, kisha hutulizwa kwenye tangi la mwisho na kurudishwa mwanzo kwa pampu. Kuna sura mbili. Moja ina matangi mawili: la mbele halina hewa, la nyuma lina hewa, na maji yenye nitrati hurudishwa kutoka nyuma kwenda mbele. Nyingine ni tangi moja linalofanya kazi kwa zamu: kujaa, kukoroga bila hewa, kupuliza hewa, kutulia, kumwaga. Kiwanda cha shifti moja hufaidi zaidi hii ya pili.

*Chakula.* Uzuri wa matangi mawili ni kwamba maji taka mabichi huingia tangi la mbele na kuwa chakula chenyewe. Ukirudisha jumla ya mara 4 ya maji yanayoingia, karibu asilimia 80 ya nitrati hupita mbele na kuondolewa. Kiwanda cha samaki kinaweza kukosa kununua hata lita moja ya methanoli. Tena hurudisha sehemu ya gharama ya hewa: kugeuza kilo ya nitrojeni ya amonia kuwa nitrati hula kilo 4.57 za oksijeni, na kuivunja nitrati hiyo hurudisha thamani ya kilo 2.86, kwa kuwa bakteria walivuta nitrati badala ya hewa unayoilipia. Kwa nitrati tupu, kama ya asidi ya nitriki, uzuri huo haupo. Utanunua kila kitu.

*Nafasi.* Kwa kiwanda cha mfano, mita za ujazo 30 hadi 65 za tangi lisilo na hewa, kutegemea chakula, pamoja na tangi la kutulizia.

*Umeme na watu.* Hapa ndipo inapouma. Kunahitajika kikorogeo, pampu za kurudisha, na kipuliza hewa kama kuna amonia. Stima ikipotea saa chache tope huketi, nalo hustahimili. Ikipotea siku nzima na chakula kipo, harufu itakupata. Tena kunahitajika opereta anayejua kusoma tope: linatulia vipi kwenye silinda, lina rangi gani, limepanda juu au la. Dalili moja ambayo wengi huikosea ni tope kuelea kwenye tangi la kutulizia. Mara nyingi nitrati iliyobaki inavunjwa pale pale chini, na viputo vya nitrojeni vinalinyanyua tope. Lipunguzie muda wa kukaa humo kabla hujaita fundi wa pampu.

*Chumvi na sumu.* Tope huzoea chumvi iliyo thabiti, ila huvurugika chumvi ikipanda na kushuka, kama inavyotokea kiwanda kinapobadilishana maji ya bomba na ya kisima. Kromi, sianidi au dawa ya kuua vijidudu ya zamu ya usafi vinaweza kuliua usiku mmoja.

*Kinachobaki.* Tope la kuondolewa mara kwa mara kwa lori la eksosta. Ulizia bei ya safari moja kabla hujasaini mkataba.

*Humfaa* mwenye maji yanayobeba amonia na chakula pamoja, na mwenye opereta wa kudumu.

Vipande vya plastiki vinavyoelea

Hii ni njia iliyokuzwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1980. Tangi hujazwa vipande vidogo vya plastiki vyenye vijumba ndani. Bakteria hushika ukutani mwa vijumba hivyo wakaota utando. Kwa nitrati, vipande hukorogwa polepole bila hewa, na kichujio mdomoni mwa tangi huvizuia visitoke.

*Chakula.* Sawa na tope hai: cha maji yenyewe kama kipo, la sivyo cha pipa. Hapa methanoli hufanya vizuri kwa sababu wale bakteria wake, ambao hukua polepole, hawaoshwi na maji.

*Nafasi.* Kipande cha aina ya kawaida hutoa kama mita za mraba 500 kwa kila mita ya ujazo. Ukijaza nusu ya tangi na kukadiria gramu moja ya nitrojeni kwa mita ya mraba kwa siku, kiwanda cha mfano kinataka tangi la mita za ujazo 32. Tofauti na tope hai si ukubwa wa tangi hilo. Ni kwamba huhitaji kurudisha tope, na hata tangi la kutulizia likiyumba, bakteria wako wamebaki nyumbani.

*Umeme na watu.* Kikorogeo hakikosekani, lakini pampu ni chache, na opereta wa kawaida huimudu. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha kichujio hakizibi na pampu ya chakula haikosi.

*Chumvi na sumu.* Utando hustahimili misukosuko kuliko tope linaloelea. Adui mwingine wa hapa Pwani ni chokaa. Kuvunja nitrati hurudisha majini alkali, yaani uwezo wa maji kutuliza asidi, sawa na kilo 3.57 za kalsiamu kaboneti kwa kila kilo ya nitrojeni, na pH hupanda. Maji ya kisima cha mwamba wa matumbawe tayari yamejaa kalsiamu, basi huganda kwenye vipande mpaka vikawa vizito na kuzama. Pima pH kila siku, ikipita 8.3 shughulika mapema.

*Kinachobaki.* Tope kidogo linalobanduka lenyewe.

*Humfaa* aliyebanwa na nafasi, mwenye nitrati nyingi isiyo na chakula, au mwenye tangi la zamani analotaka kulifufua. Gharama ya kununua vipande ndiyo ukuta wa kwanza.

Kitanda cha mbao na makumbi

Chimba shimo, tandika karatasi nzito ya plastiki, jaza vipande vya mbao, pitisha maji ndani yake chini ya uso. Mbao huoza taratibu, huwalisha bakteria, na nitrati huondoka. Mashamba ya Marekani na New Zealand hutumia vitanda hivi kwa maji yanayotoka kwenye mifereji ya mashamba yaliyotiwa mbolea.

*Chakula.* Kimo ndani. Sisi tuna mvinje na miembe inayokatwa, na tuna makumbi yanayorundikwa na kuchomwa moto. Makumbi yana lignini nyingi, huoza polepole, kwa hiyo hudumu lakini hulisha kidogo. Mimi ningechanganya: mbao kwa kasi, makumbi kwa maisha marefu. Yaloweshe kwanza na kumwaga maji yake ya rangi ya chai mahali panaporuhusiwa, maana wiki za mwanzo COD yake ni ya juu.

*Nafasi.* Hapa ndipo wengi huishia. Vitanda vilivyopimwa huondoa kati ya gramu 2 na 22 za nitrojeni kwa mita ya ujazo kwa siku. Tukichukua 10 kwa joto letu, kiwanda cha mfano kinataka mita za ujazo 800. Kwa kina cha mita moja na nusu, ni zaidi ya ploti ya futi 50 kwa 100. Shimanzi hupati, Mtwapa au Miritini huenda ukapata.

*Umeme na watu.* Ardhi ikiwa na mteremko, umeme sifuri. Mtu mmoja wa kukagua kimo cha maji na kuondoa majani anatosha.

*Chumvi na sumu.* Hustahimili, ila nitrati ikiisha katikati ya kitanda na maji yana chumvi ya bahari, bakteria wengine huanza kuvuta salfeti. Maji ya bahari yana salfeti kama gramu 2.7 kwa lita. Matokeo ni gesi ya mayai yaliyooza, ambayo inaua mtu akiingia shimoni. Kwa hiyo kitanda kikubwa kupita kiasi ni kosa pia.

*Kinachobaki.* Mbao zilizooza za kubadilishwa baada ya miaka; katika joto letu kuni huoza upesi kuliko kwenye nchi za baridi.

*Humfaa* mwenye ardhi, nitrati ya wastani na bajeti ndogo ya kila mwezi. Maji yenye mabaki ya mafuta au yabisi nyingi yasiingie humo, yataziba.

Asiyeamini kwamba mtambo wa aina hii unaweza kuendeshwa Pwani, gereza la Shimo la Tewa lilijengewa ardhioevu ya kusafisha maji taka yake kwa msaada wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Ile ni ya maji ya vyoo, na mimea ndiyo inayoonekana, lakini ugumu wa kuitunza ni wa jamii moja.

Salfa na kokoto za chokaa

Bakteria wa jamii ya Thiobacillus hawahitaji sukari, hula salfa. Kichujio hujazwa punje za salfa na kokoto za chokaa, na kokoto tunazo kila upande.

*Chakula:* kilo 2.5 za salfa kwa kilo ya nitrojeni, yaani kilo 20 kwa siku kwa mfano wetu. *Nafasi:* ndogo. *Umeme na watu:* kidogo, isipokuwa kuosha kichujio kinapoziba. *Chumvi na sumu:* hustahimili, lakini huzalisha asidi, na kokoto ziko pale kuituliza. *Kinachobaki:* tope kidogo sana, COD karibu hakuna, lakini salfeti kilo 60 kwa siku, sawa na miligramu 600 kwa lita. Maji yakienda baharini, ambako salfeti ni mara kadhaa ya hiyo, hakuna tatizo. Yakizama kuelekea visima vya watu, lipo. *Humfaa* mwenye nitrati ya chini au ya wastani, anayetaka kumalizia sehemu ya mwisho bila kuongeza COD. Salfa huhifadhiwa pakavu, mbali na cheche.

Utasikia pia juu ya anamoksi, bakteria waliogunduliwa Delft, Uholanzi, katika miaka ya 1990. Hao huunganisha amonia na nitriti, hawataki kaboni, na huokoa hewa nyingi. Lakini hukua polepole mno, na wao wenyewe hutoa nitrati kidogo. Kwa maji yenye nitrati tupu hawana kazi.

Kulingana na hali yako

Kiwanda cha samaki, machinjio, au chochote chenye amonia na damu: anza na tope hai, sura ya zamu kama mnafanya kazi mchana tu. Jenereta ya kikorogeo na kipuliza hewa iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Asidi ya nitriki ya kusafishia chuma: toa kwanza floridi na metali kwa chokaa, rekebisha pH, ndipo ulete vipande vya plastiki na chakula cha pipa. Tafuta jirani mwenye maji ya sukari kabla ya kuagiza methanoli.

Ghala la mbolea lenye maji ya kuoshea na ya mvua za masika: kitanda cha mbao, pamoja na bwawa la kupokea mvua ili kisigharikishwe. Mbolea yenye amonia nyingi itahitaji hatua ya hewa mbele yake.

Maji yaliyokwisha kusafishwa ambayo bado yanavuka kikomo kwa kiasi kidogo, na yanaishia baharini: salfa.

Kama unamwaga kwenye bomba linaloelekea mtambo wa Kipevu, zungumza na kampuni ya maji kabla ya kujenga. Kikomo chako ni kile kilichoandikwa kwenye kibali chao. Anayemwaga horini asome leseni yake ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, mstari kwa mstari.

Na asiye na uhakika bado afanye jaribio la mtungi. Chukua lita 15 za maji yako halisi, lita 5 za tope kutoka mtambo unaofanya kazi, na vijiko vichache vya molasi. Funika bila kukaza, maana gesi itatoka. Weka kivulini, mahali penye hewa ya kupita. Pima nitrati na nitriti kwa vijiti vya kupimia kila baada ya saa 2. Nitrati ikishuka huku nitriti ikipanda na kukwama, chakula ni kidogo au pH si sawa, na usimwage maji hayo, maana nitriti huua samaki. Zote zikishuka, andika saa ngapi zimechukua. Nambari hiyo ndiyo utakayompa mhandisi akupigie hesabu ya tangi. Visiposhuka kabisa hata baada ya siku mbili tatu, rudia na tope jipya, na uulize ni dawa gani ya usafi ilitumika kiwandani wiki hiyo.